Mizani Mbili

Kapteni alitaka shairi.
"Watu wa pwani," alisema, "barua huzitilia shaka,
lakini chenye vina hukiweka moyoni."
Nani alimwambia hayo, sijui. Hakukosea.

Chumba kilikuwa ghorofani, Ndia Kuu,
juu ya duka la Purshotam la kupiga chapa.
Wino wake ulinuka hadi mezani kwangu.
Mwaka wa pili wa vita. Mshahara rupia thelathini
na mchele usio na mawe.

Karatasi zilikuwa za kwenda Tanga,
kwa watu waliokaliwa na Mdachi.
Ndivyo nilivyoamriwa niandike: waliokaliwa.
Nikachovya kalamu, nikatazama dirishani
bendera iliyo juu ya Ngome ni ya nani,
nikarudisha macho kwenye wino.

"Taja vijana," alisema Kapteni. "Taja kamba."
Nikataja. Huko chini, siku hiyo hiyo,
askari wa Serikali walikuwa wakipitisha wapagazi kwenda Kilindini,
kamba kiunoni, mtu nyuma ya mwenziwe,
na wa tatu alikuwa Athumani, mwana wa muuza mahamri,
ambaye jana yake alinidai senti nne.
Sikushuka kumlipa.
Nikaandika:

*Enyi wenzetu wa Tanga, Mdachi awakalia,*
*Vijana wenu afunga, mizigo awapakia,*
*Sisi hatutawavunga, kweli twawambia,*
*Subirini, tunasonga, uhuru kuwagawia.*

Hesabu mwenyewe. Mstari wa tatu unachechemea.
Kapteni hakujua mizani ni kitu gani,
na Purshotam alipima karatasi tu, kwa ratili.
Mimi nilijua, nikaacha.
Sitasema niliacha kwa ushujaa. Adhuhuri ilikwisha pita, nina njaa,
na kila nilichojaribu kukijaza pale
kilikuwa uongo mwingine wenye vina safi.

Tanga alikuwako dada yangu, Mishi,
aliyeolewa Chumbageni kabla ya vita.
Baba alitufundisha pamoja, yeye mbele yangu daima,
akigonga sakafu kwa fundo la kidole, mizani kwa mizani.
Nikipunguza, Mishi hasemi kitu.
Hunyamaza tu, mpaka nione haya mwenyewe.

Nakala elfu tatu zikapitia Vanga,
ndani ya mikeka, chini ya chumvi, katika viatu.
Nikangoja kusikia watu wameamka.
Nilichosikia ni kwamba karatasi ile ni ngumu,
haivuji, inafaa kufungia bizari.

Mfungo Tano, Nana Riziki wa Vanga
aliniletea tambuu "kutoka kwa jamaa."
Zimefungwa ndani ya shairi langu,
limelowa chokaa, pembe moja imechanika.
Hakuna salamu. Hakuna habari za watoto,
wala kama mumewe yu hai.
Mstari wa tatu tu, neno la mwisho limekatwa,
na juu yake, kwa herufi za Kiarabu,
kwa mkono ninaoujua kuliko wangu:

*Sisi hatutawavunga, kweli hatukuwambia.*

Nikagonga meza kwa fundo la kidole.
Nane. Na nane.

Kapteni akachungulia mlangoni:
kuna neno lolote kutoka upande wa pili?
Mdomo ulikuwa umejaa tambuu. Nikatikisa kichwa.
Akasema vizuri, basi andika la pili,
refu kidogo, la kuwapongeza.

Jioni nilipita Kibokoni kwa muuza mahamri.
Nikamwekea senti nne kiganjani.
Alikuwa amekaa mbele ya karai lisilo na moto.
Akazihesabu, moja moja, akarudia,
kisha akaniuliza zilikuwa za nini.